Kwenu mlioanguka mtihani wa uwakili

Wajukuu zangu,

Sitawaambia kuteleza si kuanguka. Mmeanguka. Matokeo yametoka, na mama aliyeuza vitenge alipe ada ameshapata habari. Wengine mna sapu, yaani mtihani wa kurudia, wengine mmedisko kabisa, yaani mmeondolewa masomoni, na nasikia mmeacha kupokea simu za nyumbani. Kwa hilo la simu ndiyo maana naandika.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama tu. Waliofaulu kwa mkupuo mmoja nimewaona wengi, na wengine hata sura siwakumbuki. Ila kuna jaji mmoja wa Mahakama Kuu yetu ambaye nataka mmjue, maana njia yake ilikuwa mbovu kuliko zenu.

Jina lake Ulric Cross. Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, tarehe 1 Mei 1917. Akiwa na miaka 11 alikuwa wa kwanza kwenye mtihani wa kisiwa kizima, akapata nafasi ya kusoma bure. Alipofika 13 mama yake akafariki, na masomo yakamshinda. Yule mtoto wa kwanza kisiwani akaishia kwenye meza za ukarani: gazetini, kwa mwanasheria, kisha reli. Sisi makarani tunaijua hiyo meza. Unapiga mihuri ya mafanikio ya wenzako.

Mwaka 1941 akavuka bahari kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la anga. Kabla ya vita jeshi hilo lilitaka maofisa wenye asili ya Ulaya tupu. Vita vilipoanza, sharti likaondolewa. (Uhaba wa watu hulainisha masharti mengi, hata maofisini kwetu.) Wakamfundisha kazi ya kuongoza njia angani, wakampeleka Kikosi cha 139, kilichoitwa Jamaica kwa sababu watu wa kisiwa hicho walichanga fedha za kununua ndege za mabomu.

Ndege yake ilikuwa Mosquito. Ni ya mbao, injini mbili, watu wawili ndani: rubani na yeye. Zile za kudondosha mabomu hazikuwa na bunduki hata moja. Kinga yao ilikuwa mbio. Hebu fikirini usiku, baridi, mizinga inawatafuta kutoka chini, na wewe una ramani, penseli na saa, unapiga hesabu ya upepo. Ukikosea dakika chache umempoteza mwenzako, na wanaokufuata pia, maana kikosi chao kilitangulia kuwawekea wengine alama za moto juu ya shabaha. Safari moja walirudi na injini moja, wakaangukia kwenye machimbo huko Swanton Morley, Uingereza. Akatoka hai, akarudi kazini.

Kanuni ilimpa mrushaji mapumziko baada ya idadi fulani ya safari. Yeye aliendelea hadi 80, zaidi ya 20 kati ya hizo zikiwa Berlin. Katika vikosi vya mabomu vya Uingereza walihudumu angani watu kama 125,000, wakafa 55,573. Chukueni kumi wa darasa lenu, muondoe wanne na zaidi kidogo. Wengi walikuwa na umri wenu.

Alipewa nishani mbili za ushujaa, DFC na DSO. Mabomu yenyewe siwezi kuyasifu. Berlin kulikuwa na watoto na vikongwe, na bomu halimuulizi mtu chama chake. Wala hakuna anayewaambia mwende vitani.

Ninachotaka mkione ni mwaka 1949. Ndipo alipokubaliwa kuwa wakili Middle Temple, moja ya jumuiya za mawakili za London. Alikuwa na miaka 32, baada ya ukarani na vita. Hesabuni miaka yenu.

Baadaye alifanya kazi ya sheria Ghana, akawa mwanasheria mkuu wa Cameroon Magharibi, na mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, akaja kwetu Tanzania kuwa jaji. Mtu mwenye nishani za Berlin akakaa kuongoza baraza la migogoro ya kazi, anasikiliza habari za mishahara na kufukuzwa kazi. Akafundisha pia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnapopita kila siku. Mwaka 1971 akarudi kwao, akawa jaji huko, kisha jaji wa rufaa, na baadaye balozi London. Alifariki Port of Spain tarehe 4 Oktoba 2013, akiwa na miaka 96.

Sasa rudini kwenye simu. Mpigie mama leo, kabla ya magharibi, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Asisikie kwa jirani. Usimwahidi kufaulu, mwambie tu tarehe ya kurudia.

Jumamosi nipo kibarazani kuanzia alasiri. Mwenye sapu ya mwenendo wa mashauri aje na daftari lake. Hukumu za kizamani bado ninazo sandukuni, na miwani ingali inaona.

Babu yenu,
karani mstaafu