Kwa Wekesa, kuhusu zile Mad Max

Kondele, Kisumu

Ndugu Wekesa,

Salamu kutoka huku ziwani. Unauliza kama uache kuwaonyesha vijana wa Kaptembwo zile filamu za Mad Max kwa sababu ya mambo ya mwigizaji wake mkuu, Mel Gibson. Usiache. Lakini pia usimtetee.

Aliyoyafanya yanajulikana. Mwaka 2006 alikamatwa Malibu akiendesha gari amelewa, akawatukana Wayahudi, kisha akaomba msamaha. Mwaka 2011 hakupinga shtaka la kumpiga aliyekuwa mpenzi wake. Kijana akikuuliza, mwambie hivyo hivyo, wala usiongeze kwamba ilikuwa pombe tu.

Kisha weka ya pili, ya 1981, pale lori la mafuta linapofukuzwa. Hakukuwa na kompyuta ya kuchora magari. Kila kinachopinduka kimepinduka kweli, kwenye nyika karibu na Broken Hill, Australia. Msubirini mwendesha pikipiki anayerushwa baada ya kugonga gari. Huyo ni Guy Norris. Alitakiwa apae apite juu, lakini miguu ikagonga gari, akazunguka hewani kama gurudumu lililochomoka, akavunjika mguu. Mwongozaji, George Miller, ambaye mwenyewe alisomea udaktari, alikiacha kipande hicho ndani ya filamu. Naye Dennis Williams, aliyelipindua lile lori, aliambiwa asile chochote kwa muda wa saa 12 kabla, ili akiumia apasuliwe mara moja. Watajie vijana majina hayo mawili. Wengi wanampigia makofi staring kwa kazi ya watu hawa.

Kwenye runinga, zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo. Filamu hii ni picha 24 kwa sekunde. Runinga ikijibunia nyingine za katikati, lori linateleza kama la katuni. Mistari myeusi ya juu na chini iache ilivyo. Ukikuza picha ijaze kioo, pikipiki za pembeni zinakatwa, hujui tena nani amelikaribia lori. Na nakala yenye DJ anayesimulia ni tamu sana, ila inafunika injini, na hapo injini ndizo zinazosimulia.

Kama hutaki shilingi yako imfikie Gibson, nunua DVD ya mtumba. Pesa hiyo inaishia kwa muuzaji.

Filamu yake nyingine, Lethal Weapon ya 1987, ndiyo ngumu. Mwigizaji mwenzake, Danny Glover, ameibeba vizuri, lakini mvuto mkubwa wa filamu hiyo ni uso wa Gibson mwenyewe, na hapo huna pa kumkwepa. Hiyo iweke kando kwanza.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Otieno