Vijana wa Lamu, msiombe serikali ya jeshi

Bwana Mhariri, asalaam aleykum. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kifuani wiki nzima.

Karibu na Mkunguni tuna baraza letu la kahawa, baada ya magharibi mwenye kahawa huja na dele lake na vikombe na watu hukaa hapo mpaka isha. Zamani maneno yalikuwa bahari na mpira, siku hizi ni siasa tu. Sasa juzi kijana mmoja, mvuvi, kaja na picha ya Kepteni Ibrahim Traoré, yule aliyechukua Burkina Faso kwa mapinduzi, kaichapisha kwa saiba, ya rangi, kofia nyekundu na bastola kiunoni, akaibandika ukutani kwa selotepu juu ya vichwa vyetu. Akaniambia, "Ami, sisi twataka mmoja kama huyu, aje asafishe wote wale, halafu basi." Na baraza zima likamuitikia, hata watu wazima wenye wajukuu. Mimi siku ile nilinyamaza, maana hasira ya yule kijana naijua inakotoka.

Mtoto wa dada yangu alipofika miaka 18 alienda kuomba kitambulisho. Akaambiwa lete cheti cha babu, akaleta. Akaambiwa njoo Jumatatu, akaenda Jumatatu kumi. Mwisho mtu wa pale ofisini akamwita pembeni kwenye ngazi akamwambia nendeni mkajipange. Kila mtu wa pwani anajua kujipanga ni nini. Nilitoa mimi hizo pesa, Bwana Mhariri, naandika hapa na naona haya, nilizikunja ndani ya gazeti nikampa mtu wa serikali ili mtoto aliyezaliwa hapa Amu, baba yake kazaliwa hapa na babu yake kazikwa hapa, atambuliwe kuwa ni Mkenya. Ikaja kampeni ya 2022, mgombea mmoja akashuka pale jeti na boti mbili, wanawake wakapewa leso na vijana mia mbili mia mbili, na yule yule mtoto wa dada yangu akapanga foleni akapokea. Nikamuuliza mbona wachukua pesa za mtu yule na wamjua? Akanijibu, "Mjomba, mimi nililipa kuwa Mkenya, wacha nirudishiwe kidogo." Sikuwa na jibu.

Na hayo ni madogo. Sisi wa umri wangu tumeona Goldenberg miaka ya tisini, serikali yalipa mabilioni kwa dhahabu na almasi zinazosemekana zimeuzwa nje na nchi yenyewe almasi haina. Tukaona Anglo Leasing, tenda za mashine za paspoti kwa kampuni za hewa. Wakubwa waliotajwa wengi wao walizeeka nyumbani kwao vizuri tu. Kwa hivyo kijana akisema wote ni wezi, simwambii anadanganya.

Lakini hapo anapotaka kuniambia mwanajeshi ndiye dawa, hapo ndipo tunaachana, na nataka nimjibu hapa kwa sababu siku ile sikumjibu.

Mimi Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 nilikuwa darasa la saba. Tulikuwa na redio moja ya mbao nyumbani, asubuhi baba kaiwasha na ikatoka sauti ya Leonard Mambo Mbotela, ile ile tuliyoizoea kwenye kutangaza mpira, lakini siku hiyo anatangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Wanajeshi wa anga walikuwa wamemtoa nyumbani kwake. Kuna majirani walifurahi, nakumbuka mmoja alipiga makofi. Haikumaliza siku jeshi lingine likaizima, Nairobi maduka yamevunjwa, watu wamekufa, na baada ya hapo ndo ikawa kubaya zaidi, maana Juni ile ile sheria ya chama kimoja ilikuwa imeshapita na sasa Moi akapata sababu ya kumshuku kila mtu. Vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House watu waliviona. 1988 tukapiga kura ya mlolongo, mwenye foleni fupi anatangazwa mshindi mbele ya macho yetu. Yaani mapinduzi yalishindwa na bado yaligharimu nchi miaka kumi. Yangefaulu je?

Wale waliofaulu tunawajua. Uganda 1971 wanajeshi walisoma redioni sababu 18 za kumpindua Obote, na ufisadi ulikuwemo, na Amin akaahidi uchaguzi na kurudi kambini. 1976 akajifanya rais wa maisha. Walioishi siku zile Kampala hawahitaji mimi niwasimulie.

Nigeria ndiyo nataka vijana waiangalie sana, kwa sababu inafanana na sisi: nchi tajiri, makabila mengi, wanasiasa walafi. Januari 1966 Meja Nzeogwu alisema redioni kwamba maadui zao ni wale wanaokula rushwa na kudai asilimia kumi. Maneno matamu, hata leo ukiyasikia unasimama. Baada ya miezi sita na kitu kukawa na mapinduzi mengine ya kulipiza, mwaka uliofuata vita vya Biafra vikaanza, vikaenda mpaka 1970 na waliokufa kwa risasi na njaa wanahesabiwa zaidi ya milioni moja. Halafu mwanajeshi akampindua mwanajeshi, akaja raia kidogo kwa Shagari 1979, Desemba 1983 jeshi likarudi tena likisema limekuja kwa ajili ya ufisadi, na haikufika miaka miwili kiongozi wao Buhari naye kapinduliwa na mwenzake. 1993 watu wakapiga kura wakamchagua Abiola, wanajeshi wakaifuta. Akaja Abacha. Abacha hakuwa na bunge la kumuuliza wala gazeti la kumuandika, na alipokufa 1998 ndipo ikajulikana aliiba kiasi gani, Uswisi peke yake imerudisha zaidi ya dola bilioni 1. Wale waliokuja kufukuza watu wa asilimia kumi!

Na hapa ndipo nataka wavuvi wenzangu wa Amu wanisikilize vizuri. Huyo huyo Abacha, tarehe 10 Novemba 1995, alimnyonga Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane. Saro-Wiwa alikuwa mtu wa Ogoni, alikuwa akilalamika kwamba mafuta yanaharibu mashamba na mito ya watu wake. Sasa angalieni sisi. Bandari ya Lamu ilipoanza kujengwa kule, bahari ikachimbwa, mikoko ikakatwa, wavuvi wakalia, wazee wetu wakaenda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia shilingi bilioni 1.76. Malipo yalikawia na maneno yakawa mengi, hilo ni kweli, lakini majaji waliiambia serikali usoni kwamba mmewakosea hawa. Ikaja hadithi ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, kina Save Lamu, kundi la watu wa hapa hapa, wakaenda kwenye jopo la mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Watu wa kisiwa hiki, wenye punda na mashua, waliwasimamisha matajiri na serikali yao. Jambo lile lile Saro-Wiwa alinyongewa. Mngekuwa na kepteni Ikulu, fidia mngemdai nani? Mngeenda mahakama gani?

Tena sisi tunajua kuishi na amri. 2014 baada ya kule Mpeketoni kuuawa watu zaidi ya 60 ikawekwa kafyu na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Sibishi kwamba usalama ulitakiwa. Lakini mwenye jarife analala nyumbani nyavu ziko kavu, watoto wanakula mkono mtupu, na askari akikwambia rudi unarudi, huna la kuongeza. Ile ilikuwa amri ya muda na nchi bado ina katiba. Fikirieni iwe ndiyo serikali yenyewe, kila siku, kila jambo.

Sudan ni jirani wa jirani yetu. Bashir aliingia kwa mapinduzi Juni 1989, akatoka 2019 baada ya raia kujaa barabarani, na nyumbani kwake wakakuta mamilioni ya yuro, miaka thelathini ya mwanajeshi ndiyo hiyo. Raia walitaka serikali yao, wakashirikishwa kidogo, Oktoba 2021 mkuu wa jeshi Burhan akapindua tena, na 15 Aprili 2023 yeye na Hemedti, mkuu wa kikosi cha RSF, wakageuziana mizinga katikati ya Khartoum. Bunduki mbili zikigombania kiti huwa hakuna kura ya kuamua. Mali nao waliahidiwa uchaguzi Februari 2022, ikaja Februari 2024, mpaka leo hakuna, na 2025 vyama vya siasa vikavunjwa.

Najua yule kijana ataniuliza, na Sankara, yule kepteni wa zamani wa Burkina Faso, je? Swali zuri na sitalikimbia. Sankara alikuwa muadilifu, aliuza Mercedes za serikali akawapa mawaziri Renault 5, alichanja watoto, hakujilimbikizia. Nampenda hata mimi. Lakini 1984 walimu waligoma akawafukuza zaidi ya elfu moja, na tarehe 15 Oktoba 1987 kapigwa risasi na watu wa rafiki yake Compaoré, ambaye kakaa miaka 27. Wema wa Sankara haukuwa na ukuta wa kuulinda, ulikuwa kwenye kifua chake tu, kifua kikatobolewa na yote yakaisha siku moja.

Ndiyo maana mimi kila nikifikiria kiongozi namuangalia Nyerere. Januari 1964 askari wake waliasi, akalivunja lile jeshi akaunda jipya, na tangu hapo Tanzania haijapinduliwa. Siasa yake ya uchumi ilikuwa na makosa makubwa na watu walipanga foleni kwa sabuni, lakini alisema hadharani yapi yalishindikana. 1985 akatoka mwenyewe akarudi Butiama, na hakuna aliyekwenda Uswisi kutafuta pesa zake. Kiongozi wa namna hiyo ndiye tunayemtaka, mwenye mpaka ambao hauvuki hata akiwa peke yake chumbani na tenda iko mezani.

Na sheria ya kumtafuta tunayo. Katiba ya 2010, Sura ya Sita, inasema uongozi ni amana ya watu. Tatizo ni ule mlango wa nyuma kwenye kifungu cha 99, kwamba mtu hazuiwi kugombea ubunge mpaka rufaa zake zote ziishe, na mwenye mawakili wazuri rufaa zake haziishi hata azeeke. Mtu ana kesi ya kuiba pesa za umma na picha yake iko kwenye karatasi ya kura. Hapo ndipo vijana wapeleke hasira yao, wawaulize wanaotaka kura tarehe 10 Agosti 2027: je, huu mlango mtaufunga? Na anayeshuka jeti na leso, arudi nazo. Mimi nimeshamwambia mtoto wa dada yangu, na nimemwambia pia kwamba ile pesa niliyoikunja kwenye gazeti sitaikunja tena, bora tukakae kwenye ngazi za ofisi ile mpaka Jumatatu ya ishirini.

Ombi langu kwako Bwana Mhariri ni moja. Chapisha Sura ya Sita nzima, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, herufi kubwa za kusomeka jioni. Picha ya kepteni sitaibandua, wacha ikae. Nitakuja na selotepu yangu niubandike ukurasa wako ubavuni mwake, na kahawa ya usiku huo ni juu yangu.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu