Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majukwaa ya Waimbaji wa Skuli

Ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Mwaka huu kamati yenu ilijipa kazi moja: kuwatafutia wanafunzi wa sekondari wenye sauti pahala pa kuimba taarabu na watu wa kuwasikiliza. Sauti hazijapata kuwa haba Unguja wala Pemba. Mtoto husoma kasida kwenye Maulidi ya skuli, akasifiwa siku ile, akaimba tena Septemba kwenye Tamasha la Elimu Bila Malipo, kisha basi mpaka mwakani.

Kubwa tulilobadilisha ni kuachana na muziki wa kwenye flashi. Aliyezoea kuufuata muziki uliorekodiwa hajui kusubiri, na taarabu ina kusubiri kwingi. Tuliwakalisha na wapigaji hasa wa ala: kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, udi, fidla, akodioni, dumbaki. Mazoezi ya mwanzo yalikuwa vurugu tupu. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliingia kabla fidla hazijamaliza zamu yao, akarejewa, akaingia tena mapema. Alipofika ubeti wa pili sauti ikamkwama juu. Mpiga kanuni hakusema neno. Aliuteremsha wimbo, akavigeuza kimoja kimoja vile vibati vinavyobadili sauti ya nyuzi, kisha akamwambia, "Haya mwanangu, njoo sasa." Akaja.

Maonyesho tuliyaweka baada ya sala ya alasiri, yaishe kabla ya Magharibi. Baadhi ya wapigaji walinung'unika kwamba taarabu ni ya usiku. Sawa, lakini wazazi wa mabinti wasingekubali usiku, na bila ya wao tungebaki na viti na spika. Ramadhani tulisimama. Kidato cha nne tuliwaachia wajiandae na mitihani ya Novemba.

Lililotugawa ni kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa anapoimba. Wako wanachama walioona aibu mwanafunzi kupewa noti jukwaani. Wengine wakasema taarabu bila ya kutunzwa ni mkutano wa hadhara. Tukakubaliana mtunzaji aje mpaka mbele, acheze akitaka, lakini pesa atie kwenye kikapu, mwalimu azihesabu na mzazi azipokee. Mimi naona utaratibu huu ubaki.

Wapo wanaoniuliza kwa nini hatuwapeleki kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe. Tamasha lile lipo tangu 2004 na wageni wake wanatoka kila pembe ya dunia. Nataka vijana wetu wafike Ngome Kongwe wakiwa wameshaimba mbele ya majirani zao, ambao hawapigi makofi kwa adabu tu.

Hesabu atazisoma mshika fedha. Ada zinachelewa kama kawaida yetu.

Pemba tumeitendea haba. Waimbaji wa Wete na Chake Chake waliimba bila ya kanuni, kwa sababu tulishindwa kuwavusha wapigaji. Kwa hivyo naomba mkutano huu uamue leo: ama tuongeze ada ili tulipe nauli za boti, ama tupunguze onyesho moja la mjini.

Mwenyekiti