Kwa watafiti vijana wa Tanga mnaosaka fedha za mifupa na viungo

Wanangu, asalaam aleikum.

Malalamiko yenu nimeyasikia. Malaria ina wafadhili, UKIMWI una wafadhili, ninyi mkitaja magoti na migongo mnaonekana mnaleta maneno ya barazani. Sikatai. Mkoa huu umezoea utafiti wa mbu, toka Amani mpaka Korogwe. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.71 wana maradhi ya mifupa, misuli na viungo, na wapo wanaoyatolea fedha.

Mkubwa wao ni NIAMS, taasisi iliyo chini ya NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, iliyoundwa mwaka 1986 kwa ajili ya baridi yabisi, mifupa, misuli na ngozi. Basi kabla hamjaandika hata sentensi moja ya andiko, nendeni uhasibu. Taasisi yenu lazima iwe imesajiliwa SAM.gov, Grants.gov na eRA Commons, mifumo ya mtandaoni ya serikali ya Marekani, na NIH wenyewe wanaonya kwamba shughuli hiyo yaweza kula wiki 6 au zaidi. Usajili wa SAM nao huhuishwa kila mwaka. Nimeliona andiko safi, mwenyewe kalikeshea, likagota siku ya mwisho kwa sababu usajili ulikwisha muda na mhasibu hakuambiwa na mtu. Halafu fahamuni kwamba taasisi ya nje ya Marekani kwa gharama za uendeshaji hupewa asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja za mradi. Msije mkamwahidi mkurugenzi jenereta.

Wale waliozoea kusubiri mgao kupitia chuo cha Marekani, jueni kwamba Mei 2025 NIH ilitangaza kusimamisha ruzuku mpya zenye migao ya aina hiyo mpaka utaratibu mpya uwekwe. Kila tangazo la ruzuku lina kifungu kinachosema kama taasisi ya nje yaruhusiwa kuomba. Kisomeni hicho kwanza. Mkikwama, mwandikieni ofisa wa programu aliyetajwa kwenye tangazo. Kujibu waombaji ni sehemu ya kazi yake.

Sasa jambo linalonikera. Wengi wenu mnatafuta swali ndani ya tangazo. Mnakuta wameandika goti la mzee mnene wa Ulaya, nanyi mnaanza kumtafuta mzee huyo Makorora! Swali mnalo hapa hapa. Mtazameni mkata mkonge: ameinama na panga, anakata jani baada ya jani, anafunga matita, anayabeba. Mgongo ukimwuma anapewa dawa ya maumivu, kesho yuko shambani. Nani amemfuatilia mtu huyu miaka mitano?

Au shikeni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Damu ikishindwa kupita, kichwa cha mfupa wa paja hufa, na kijana wa sekondari anachechemea kama babu yake. Selimundu ina wafadhili wake tayari: Julie Makani na wenzake wa Muhimbili waliijenga kazi yao kwa msaada wa Wellcome ya Uingereza. Aombaye fedha za selimundu akachunguza nyonga hajamdanganya mtu. Vivyo hivyo chikungunya, homa ya virusi iletwayo na mbu, iliyotambuliwa mara ya kwanza huku kwetu Tanzania, nyanda za Wamakonde, mwaka 1952. Homa huondoka, viungo vikabaki vikiuma miezi, kwa wengine miaka. Wenye fedha za virusi wapo wengi kuliko wenye fedha za viungo, na ninyi mnajua kukusanya sampuli za homa kuliko mtu yeyote.

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kiombeni mapema, na mgeni mnayeshirikiana naye apate kibali chake cha utafiti COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kabla hajakata tiketi.

Ukurasa wa malengo NIH wanautaka uwe mmoja tu. Uandikeni, mniletee Chumbageni baada ya alasiri. Nitausoma kwa kalamu nyekundu, na atakayeniletea kurasa mbili nitamrudisha mlangoni.

Mzee wenu,
Mtafiti mstaafu, Tanga