Globu ya nyuma ina nyuzi mbili, tuzikague zote

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madereva wenzangu kuhusu taa za nyuma. Mimi nabeba nyanya kwa Canter kutoka Ilula, Iringa, kwenda Dar es Salaam. Safari zangu nyingi ni za usiku, ili mzigo ufike sokoni alfajiri.

Msimu uliopita nilisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Dereva wa basi aliyenifuata tangu mteremko wa Kitonga akaja dirishani. "Shikamoo mzee. Taa yako ya kushoto ina nini? Kila ukishika breki inazima." Nikamjibu haiwezekani, globu nimeweka juzi tu. Akasema, "Washa taa, kanyaga breki." Nikakanyaga. Utingo wangu akapaza sauti kule nyuma: "Imezima kweli, bosi!"

Globu hiyo ilikuwa ya tatu. Kila nilipolalamika kwamba taa ni hafifu, fundi niliyemzoea alichomoa ya zamani, akachomeka mpya, nami nikalipa. Safari hii nikamtafuta kijana mmoja, fundi umeme. Yeye hakukimbilia duka la spea. Aliichomoa globu, akaniwekea kiganjani, akaniambia, "Baba, tazama ndani."

Ndani kuna nyuzi mbili. Mmoja ni wa wati 5, ndio unaowaka usiku kucha. Mwingine ni wa wati 21, huo unasubiri mguu wa breki, na ndiyo maana mwanga unaruka ghafla ukikanyaga. Chini ya kitako kuna vitone viwili vya risasi, kila uzi unapokea umeme kwenye kitone chake. Lakini umeme ukitoka, nyuzi zote mbili zinatumia njia moja: bati la kitako, holda, kisha waya wa ethi uliofungwa kwenye chesisi.

Ethi yangu ilikuwa imeoza. Nyanya zikipondeka kwenye matenga, maji yake yanachuruzika mpaka chini, na nati ya ethi ilikaa palepale yanapodondokea. Umeme wa taa ya usiku ulipokosa njia ukawa unapita kinyumenyume kwenye uzi wa breki, unavuka hadi taa ya kulia kutafuta ethi ya huko. Ndiyo maana ya kushoto ilififia. Nikikanyaga breki, umeme unaingia kwa vitone vyote viwili, hauna pa kutokea, taa inakufa. Kijana akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza nati, akapaka grisi. Globu ileile ya juzi ikawaka vizuri kabisa.

Nimeteremka Kitonga mara nyingi na taa hiyo, nyuma yangu malori na mabasi, na nikiikumbuka hali ile silali vizuri. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii: ukishuka kwa gia peke yake, taa ya breki haiwaki, kwa sababu swichi yake iko kwenye pedeli. Gari linapungua mwendo na aliye nyuma haoni dalili. Gusa pedeli kidogo umwonyeshe.

Wauza spea nao nawaomba wamuulize mteja gari lake ni la volti ngapi. Canter yangu ni ya volti 24. Ukiiwekea globu ya 12 inaungua papo hapo. Na vile vijino viwili ubavuni mwa globu ya nyuzi mbili havikukaa usawa mmoja, ili isiingie ila kwa upande wake. Nimeona watu wakikata kijino kwa tupa ili walazimishe globu ya uzi mmoja. Kitone chake kimoja kinaunganisha nyaya zote mbili, na ukikanyaga breki hata taa za dashibodi zinawaka.

Siku hizi, kabla ya kufunga turubai, narudi nyuma hadi karibu na ukuta wa ghala, nawasha taa, nakanyaga breki, natazama kwenye vioo wekundu unavyoruka ukutani, kulia na kushoto. Hata ukiwa peke yako unaweza.

Jina la yule dereva wa basi sikuliuliza, haraka ya safari. Kama anasoma gazeti hili, namwambia asante sana, mwanangu. Ile taa imepona.

Dereva wa Canter,
Ilula, Iringa