Barua ya kufunga muhula wa pili: ubao wa nakshi wa Gredi ya 6

Kwa wazazi na walezi,

Salaam aleikum.

Muhula wa pili umekwisha leo. Ripoti ya mtihani na taarifa ya karo zimo ndani ya bahasha hii. Tieni sahihi chini ya ripoti na mtoto airudishe siku ya kufungua. Yaliyobaki yanahusu ubao ambao mtoto wa Gredi ya 6 amekuja nao nyumbani.

Kazi hiyo ilianzia Ngome ya Lamu, ambako mafundi wa nakshi waliwaonyesha watoto uchongaji uani. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na baadhi yenu mnaikumbuka ilipokuwa jela, hadi 1984. Kabla ya kushika patasi, watoto walitajiwa viungo vya mlango wa mbawa mbili: miimo, vizingiti, na mfaa, ule mti wa wima unaoziba mwanya wa katikati. Mfaa hupigiliwa kwenye ubawa mmoja tu. Kwa kuwa mlango hufunguka kwenda ndani, ubawa usio na mfaa ndio hutangulia. Ukianza na mwenzake, mfaa unakwama. Wala hakuna bawaba: kila ubawa una ncha juu na chini, zinazozunguka ndani ya matundu.

Milango ya zamani mingi ni ya mbambakofi, mti mgumu mno kwa mkono wa mtoto. Wao walipewa mwarobaini, sentimita 30 kwa 15, unene 2.5. Nyuzi zake hupindana, kwa hiyo patasi ikienda kinyume nazo huzama na kung'oa kipande. Dawa ni kugeuza ubao na kuingia kutoka upande wa pili. Kuongeza nguvu ya nyundo hakusaidii.

Mchoro ni waridi la petali sita. Bikari hupanuliwa sentimita 5, duara likachorwa, kisha mguu wake ukatembezwa ukingoni kwa upana uleule. Hatua ya sita lazima irudi ulipoanza. Mkiona petali moja nyembamba, bikari ililegea, msimkemee.

Nyumbani bado kuna kazi ya kushusha ardhi ya mchoro, yaani mbao inayozunguka petali, milimita 3 tu. Mtoto akate kwanza mistari inayokatiza nyuzi, patasi ikiwa wima, ndipo afuate ile inayokwenda nazo. Akianza na hii ya pili, ufa hukimbia hadi ndani ya petali. Ncha za petali ndizo huvunjika zaidi, kwa hiyo aziache nene hadi mwisho. Akishamaliza ardhi, bobari, patasi yenye makali yaliyopinda, ndiyo ya kuchimba shimo la petali, kwa kusukuma kwa kiganja, bila nyundo.

Ubao ubanwe kwa jiliwa au vipande viwili vya mbao vilivyopigiliwa mezani, usiwekwe kamwe juu ya mapaja. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Patasi inolewe kwenye kinoo chenye maji kila inapoanza kusaga mbao badala ya kukata, maana butu huteleza, na hapo ndipo vidole huumia.

Msiuanike juani. Ncha za ubao hukauka haraka kuliko katikati, zikapasuka. Kivulini panatosha, na rangi kuukuu ikipakwa kwenye ncha hizo mbili itasaidia. Mafuta ya kitani yapakwe kidogo kwa kitambaa, nacho kitandazwe nje hadi kikauke. Kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kushika moto chenyewe.

Nitafurahi zaidi kuona petali mbili safi kuliko waridi zima lililokwaruzwa msasa kuficha makosa. Alama za patasi ziacheni zionekane.

Mbao zote ziletwe Ijumaa ya kwanza ya muhula wa tatu, hata zilizopasuka. Hizo tutazitumia darasani kuonyesha ufa ulianzia wapi.

Wenu,
Mwalimu Mkuu