Gereji ziandike aina ya oili zinayoweka kwenye giaboksi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wenye pikapu za otomatiki hapa Dar es Salaam hatuachi kubishana: oili ya giaboksi, mwenye gari aibadili mwenyewe au alipe gereji?

Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa gereji. Pikapu ndiyo inayonilisha, hubeba vyakula vya kuku kutoka Tabata hadi Chanika, na sikutaka kujaribia ufundi kwenye kitu kinachosomesha watoto. Mwaka jana nikampelekea fundi gari langu la Toyota, ambalo kitabu chake kinataka oili ya WS (aina ya oili ya giaboksi ya otomatiki ya Toyota), nikakaa kwenye benchi kusubiri. Nilipoinuka kunyoosha miguu nikamkuta kijana wake akimimina oili nyekundu kutoka kwenye dumu lisilo na nembo yoyote. Nikauliza ni oili gani. Nikajibiwa kwamba haidroliki (ndivyo mafundi wanavyoiita oili hiyo) ni haidroliki, zote si nyekundu?

Wekundu ule, Mhariri, ni rangi tu inayotiwa ili oili hiyo itofautishwe na ya injini pale inapovuja, na hausemi lolote kuhusu uzito wake wala dawa zilizochanganywa ndani yake. WS ni nyepesi kuliko T-IV na Dexron III, aina za zamani za oili ya giaboksi, na Toyota haikusudii moja itumike badala ya nyingine. Wiki chache baadaye gari langu likaanza kushtuka kila linapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, hasa kwenye foleni ya Mandela kati ya Tazara na Buguruni. Siwezi kuapa kwamba chanzo ni dumu lile, lakini baada ya kuweka oili inayotakiwa mara mbili, kwa mikono yangu mwenyewe, mshtuko umepungua sana.

Nasema mara mbili kwa sababu ukifungua nati ya kumwagia hutoki na oili yote. Kwangu zilitoka lita tatu na ushei, ilhali sehemu kubwa ilibaki kwenye toki konveta (kifaa kinachounganisha injini na giaboksi) na kwenye mabomba ya kupozea, kwa hiyo nililiendesha gari majuma matatu kisha nikarudia.

Kumwaga si kazi ngumu, ilimradi gari limekaa juu ya stendi imara na si juu ya jeki au matofali. Kazi iko kwenye kipimo. Pikapu yangu haina kijiti cha kupimia. Nilirudisha kiasi kilekile kilichotoka, mwanangu akawasha injini na kupitisha gia zote taratibu, mguu ukiwa kwenye breki, kisha tukasubiri oili ifikie joto lililoandikwa kitabuni, ambalo kwa gari hili ni kama nyuzi 40, tukilisoma kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Hapo ndipo nikafungua nati ya kupimia huku injini ikiunguruma. Oili ikachuruzika kama uzi, uzi ukawa mwembamba, ukakatika, yakabaki matone, dalili kwamba kipimo kimetimia, nikafunga. Gari likiwa limetoka barabarani na moto wake, oili huwa imetanuka, hivyo itamwagika hadi ile iliyokuwa inahitajika, na ikipoa giaboksi inabaki na upungufu. Fundi mwenye magari sita uani hana saa nzima ya kungoja gari lipoe. Mimi ninayo, siku ya Jumapili.

Hata hivyo sisemi gereji zifungwe. Oili ikitoka nyeusi na inanuka kuungua, gia zikiteleza au zikichelewa kuingia, au vipande vya chuma vikionekana kwenye sumaku za sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), hapo si suala la oili tena, na mwenye gari amtafute mtu anayezijua giaboksi kwelikweli. Tope laini la kijivu kwenye sumaku hizo ni la kawaida, lisimtishe mtu akauziwa giaboksi ya mtumba Kariakoo. Na oili chafu tusiimwage mtaroni. Kwetu mafundi seremala huigombea ili kuipaka kwenye mbao dhidi ya mchwa, ingawa mimi naona ingefaa zaidi irudishwe kwa wanaoikusanya.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo. Mfungue kopo la oili mbele ya mteja likiwa na lakiri yake, na kwenye risiti muandike aina ya oili, lita zilizotoka na lita zilizoingia. Nililipa shilingi 60,000 za ufundi kwa risiti iliyosema "sevisi" tu, na fundi wa pili aliponiuliza kilichomo ndani ya giaboksi sikuwa na la kumjibu.

Mwenye pikapu,
Tabata, Dar es Salaam